Levo ya floti kwenye kabureta ya PZ27: inavuja ikipaki, mlimani inakosa mafuta

Kihesa_150

Wakuu, habari za kazi. Nina pikipiki ya cc 150 yenye injini ya mtindo wa CG na kabureta ya PZ27, iko kwenye bodaboda hapa Iringa mjini. Tatizo lilianza kwa petroli kudondoka kwenye ule mpira mwembamba unaotoka chini ya bakuli la kabureta, kila ikipakiwa kwa stendi ya pembeni koki ya petroli ya tanki ikiwa wazi. Plagi ikawa inatoka nyeusi, masizi makavu, na ulaji ukapanda. Lita moja ilikuwa inafika kilomita 40, sasa inaishia 30 na ushei.

Fundi akafunga sindano mpya ya floti (floti ni lile boya la ndani ya bakuli, na sindano yake ndiyo inayofunga petroli bakuli likijaa), kuvuja hakukuisha. Akakunja kile kiulimi cha floti kinachosukuma sindano mpaka matone yakapungua, ingawa hayajakatika. Tangu hapo limezuka jingine: nikipandisha mlima wa kutoka Ipogolo kuja mjini nikiwa na abiria, moto (mkono wa kuongeza mwendo) nimevuta wote, baada ya kama nusu dakika injini inalegea utadhani koki imefungwa. Nikirudisha moto sekunde chache, inapata nguvu tena.

Naomba anayejua anieleze: levo ya floti ya PZ27 inatakiwa iwe milimita ngapi, inapimwaje, na kiulimi kinakunjwa kuelekea wapi? Floti yangu ni ya plastiki nyeusi ila kiulimi ni cha bati.

---

SpanaKumi

Mkuu Kihesa, hapo una magonjwa mawili, na la pili limeletwa na dawa ya la kwanza. Kabla ya kuzungumzia milimita, tutafute kwanza petroli inapita wapi, maana kabureta kuvuja si ushahidi kwamba levo iko juu. Floti ndiyo kitu cha mwisho kukunjwa.

Ndani ya bakuli la PZ kuna kimrija cha shaba kilichosimama wima. Ncha yake ya juu iko wazi, na mguu wake umepigwa kwenye sakafu ya bakuli ukatokea kwenye ile pua yenye mpira. Petroli ikipanda kupita ncha ya kimrija, inamwagika nje badala ya kuingia kwenye injini. Skrubu ya kumwagia bakuli nayo inatokea kwenye pua hiyo hiyo. Kwa hiyo tone moja kwenye mpira linaweza kuwa na asili tatu: mafuta yamejaa kupita kiasi, kimrija kimepasuka, au skrubu ya chini haifungi.

Utazitenganisha hivi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, injini imepoa, fungua koki, weka mpira kwenye chupa ndogo ya kioo. Ukiona inadondoka, funga koki na uendelee kutazama.

Matone yakikatika karibu pale pale, bakuli lilikuwa linajaa hadi ncha ya kimrija. Tatizo liko kwenye sindano, kiti chake (tundu inaloliziba), floti, au levo yenyewe.

Matone yakiendelea muda mrefu baada ya koki kufungwa, kisha yakakatika yenyewe, kimrija kina ufa. Petroli inashuka mpaka usawa wa ufa ndipo inaacha. Bakuli likiisha kabisa, ufa uko kwenye mguu au skrubu ya chini ina uchafu kwenye ncha yake.

Thibitisha kwa kufungua bakuli. Lioshe, likauke, liweke juu ya karatasi kavu, mimina petroli mpaka milimita mbili hivi chini ya ncha ya kimrija. Likae dakika kumi. Pua ikilowa, sahau habari ya floti, kasoro ni bakuli. Ufa wa kimrija mara nyingi ni wa kusimama, mwembamba kama unywele, na huuoni mpaka uikamue shaba kidogo kwa ukucha huku unaangalia kwenye mwanga.

Matone yako yalipungua baada ya kukunja kiulimi, na hilo ndilo linalonifanya nishuku ufa. Levo iliposhuka, msukumo wa petroli kwenye ufa ulipungua, ndiyo maana yamepungua bila kuisha.

Upande wa sindano: itoe uitazame ncha yake ya mpira. Iliyochoka ina pete iliyozama kuzunguka koni, pale inapokutana na kiti. Pete hiyo ukiiona kwa macho, au kucha ikikwama ukiipitisha, sindano haifai. Yako ni mpya, basi hamia kwenye kiti. Kwenye PZ nyingi kiti ni shaba iliyopigwa moja kwa moja kwenye mwili wa kabureta, hakifunguki. Kisafishe kwa kijiti cha pamba chenye dawa ya kung'arisha shaba, ukizungusha kwa vidole tu, kisha osha kwa petroli na upulize. Usiingize msasa wala ncha ya bisibisi, mkwaruzo mmoja wa urefu unatosha kuvujisha milele.

Chanzo cha uchafu nacho kitibiwe. Tanki lenye kutu litarudisha tatizo hata ukibadilisha kabureta nzima. Toa kikombe cha koki, angalia mchanga na maji, na weka filta ndogo ya petroli kwenye mpira wa kutoka koki kwenda kabureta.

Na leo hii kagua oili. Kabureta iliyofurika ikiwa na kimrija kilichoziba hupeleka petroli kwenye silinda, inashuka mpaka kwenye oili. Kama kijiti kinaonyesha oili imepanda au inanuka petroli, imwage yote kabla ya kupiga kiki. Injini hizi zinabeba takriban lita moja tu, oili ni nafuu kuliko biringi za kishafti.

---

Zuhura_Injini

Nakubaliana na SpanaKumi. Naomba nijibu swali la kupima, maana linaulizwa sana na linajibiwa kwa kukisia.

Kihesa, hutapata namba moja ya PZ27 ya kuiamini. Jina hilo linagongwa na viwanda vingi, na maumbo ya floti na bakuli yanatofautiana. Namba ni za kabureta husika: Keihin PWK hupimwa milimita 16, CVK40 ya Kawasaki KLR650 ni milimita 17.5. Ukichukua namba ya moja ukaifunga kwenye nyingine, umeharibu. Kitabu cha pikipiki yako kama kipo, fuata kilichoandikwa humo. Kama hakipo, kuna njia mbili zinazosaidiana: kupima floti kabureta ikiwa mkononi, na kupima petroli yenyewe kabureta ikiwa imefungwa.

Njia ya kwanza. Funga koki, mwaga bakuli, toa kabureta (nati mbili, spana namba 10), fungua skrubu za bakuli kwa bisibisi ya nyota inayokaa barabara, maana vichwa vyake ni laini. Toa gasketi au oringi, upime kutoka kwenye chuma kitupu. Pindua kabureta floti iwe juu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mgongoni mwa sindano kuna kipini kidogo chenye springi. Ukiilaza kabureta kifudifudi kabisa, uzito wa floti unakikandamiza kipini hicho, kipimo kinasoma kifupi kuliko ukweli, na mtu anakunja kitu ambacho hakikuwa na kosa. Inamisha kabureta pembeni, bawaba ya floti ikiwa juu, uirudishe taratibu mpaka kiulimi kiguse kipini bila kukibonyeza. Jicho lako liwe kwenye kipini. Kikianza tu kuzama, umepita. Ukishika hapo, pima kutoka uso wa gasketi hadi sehemu ya floti iliyo mbali zaidi na uso huo. Tumia venia (kile kipimio cha chuma cha milimita), au kata kadibodi ngumu kwa kipimo unachotaka uisimamishe pembeni. Floti zenye vichwa viwili pima vyote. Vikipishana zaidi ya nusu milimita, mkono umepinda, unyooshe kwanza.

Kwa PZ isiyo na kitabu, anzia hapa: kiulimi kikiwa kinagusa tu kipini, ule mstari wa kuungania nusu mbili za floti uwe sambamba na uso wa gasketi. Ukiona floti imeinuka kwa mbali kama imesimama, yako imeshakunjwa kupita kiasi.

Mwelekeo wa kukunja. Kabureta ikiwa imepinduliwa, kiulimi ukikikunja kuelekea kwenye sindano, floti inakaa mbali zaidi na mwili. Kipimo kinakuwa kikubwa, sindano inafunga mapema, petroli kwenye bakuli inakuwa chini. Ukikikunja kukimbia sindano, kipimo kinapungua na petroli inapanda. Kipimo kikubwa maana yake mafuta machache. Andika ukutani, wengi wanaligeuza.

Ukikunja, toa pini ya bawaba, shika mkono wa floti kwa plaizi nyembamba karibu na kiulimi, usukume kiulimi peke yake. Kamwe usikunje floti ikiwa imekalia sindano, utaikandamiza ncha ya mpira kwenye kiti na kuitengenezea ile pete. Kunja kidogo sana. Kutoka bawaba hadi kiulimi ni mkono mfupi, hadi mwisho wa floti ni mrefu mara tatu au nne, hivyo theluthi ya milimita kwenye kiulimi inakuwa kama milimita nzima kwenye floti. Uso wa kiulimi unaogusa kipini ubaki bapa na laini. Ukiwa na kishimo, kipini kinakwama humo.

Njia ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu inapima petroli yenyewe. Rudisha kabureta kwenye pikipiki, pikipiki isimame wima kwa stendi ya kati mahali tambarare. Chomeka mpira mweupe unaoonyesha ndani kwenye pua ya bakuli, uupandishe kando ya kabureta, mdomo wake ukiwa juu ya usawa wa bakuli. Fungua koki, legeza skrubu ya kumwagia mizunguko miwili. Petroli itapanda kwenye mpira mpaka ilingane na ya ndani. Kimrija kuchangia pua hiyo hakuharibu kipimo, nacho kinajaa hadi usawa ule ule.

Mpira ukishatulia usiushushe tena. Ukiushusha, petroli ya bakuli inashuka, sindano inafungua, inaingia nyingine. Ukiupandisha ile iliyoongezeka haina pa kurudi, utasoma juu kuliko ukweli. Ukikosea, funga koki, mwaga, anza upya.

Usawa unaoonekana lazima uwe chini ya mstari wa kuungania bakuli, na chini ya ncha ya kimrija. Kabla ya kufunga bakuli, pima kwa mkia wa venia ncha ya kimrija iko chini ya ukingo wa bakuli kwa kiasi gani, weka alama hiyo nje kwa kalamu. Mimi naacha angalau milimita 3 kati ya petroli na alama hiyo, ili pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni isimwage.

Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea. Mvuke wa petroli unatambaa chini, unaweza kushika moto uko mbali.

---

Kihesa_150

Dada Zuhura na mkuu SpanaKumi, shukrani sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza.

Koki ikifungwa, matone yanaendelea dakika kadhaa kisha yanakatika. Bakuli juu ya karatasi: pua imelowa. Ufa upo kwenye kimrija, karibu nusu ya urefu wake.

Floti: mstari wa kuungania hauko sambamba hata kidogo, upande wa mbali umeinuka kama milimita 4 kuliko upande wa bawaba. Sindano mpya nikiilaza pembeni ya ile ya zamani, mpya ni ndefu kwa kuangalia tu. Oili haijapanda na hainuki.

Je, nikirudisha kiulimi peke yake, shida ya mlimani itaisha? Na ufa huu unazibika au ninunue bakuli?

---

Jeti_Kubwa

Sindano ndefu ndiyo iliyoanza kuinua floti, kabla hata ya plaizi kufika. Vifurushi vya kurekebishia kabureta vinauzwa vya PZ26, PZ27 na PZ30 vikiwa vimechanganywa, sindano zinafanana kwa unene na kupishana urefu. Ikizidi nusu milimita tu, kwa ile hesabu ya mkono aliyoieleza Zuhura, floti imesogea milimita moja na nusu hadi mbili. Ndiyo maana kila sindano inapobadilishwa, levo inapimwa upya. Tafuta yenye urefu sawa na ya zamani, uipime kwa venia kuanzia bega la koni hadi mgongoni kipini kikiwa huru. Kisha kibonyeze kipini: kizame na kirudi chenyewe bila kusita.

Jaribu ufungaji wake kabla ya kurudisha bakuli. Kabureta ikiwa imepinduliwa, chomeka mpira wa sentimita 30 kwenye pua ya kuingizia mafuta, usimamishe wima, mimina petroli ndani yake. Uzito wa floti peke yake unatakiwa kuizuia isishuke. Acha dakika tano. Ikishuka, kiti au sindano bado. Msivute kwa mdomo kama inavyofanyika mitaani, petroli ikiingia kwenye mapafu ni hatari kubwa. Bomba la sindano la hospitali la mililita 20 linafanya kazi hiyo vizuri.

Kuhusu mlimani. Kurudisha kiulimi kutasaidia sana, ila usiishie hapo. Kupoteza nguvu baada ya nusu dakika ya moto wote ni dalili ya bakuli kuishiwa: injini inanyonya haraka kuliko mafuta yanavyoingia. Levo ikiwa chini, akiba ya bakuli ni ndogo, nafasi ya floti kushuka ili sindano ifunguke ni fupi, na pikipiki ikiinua pua mlimani petroli inajikusanya nyuma. Hata hivyo dalili hii hii inaletwa na mfuniko wa tanki ulioziba tundu la hewa, au koki iliyojaa taka.

Kwa hiyo pima mtiririko. Injini ya cc 150 ikivutwa moto wote inatumia karibu mililita 60 kwa dakika. Bakuli likiwa limefungwa, koki wazi, legeza skrubu ya kumwagia yote, kinga kwenye chupa yenye alama kwa dakika moja kamili. Mwaga ile ya mwanzo iliyokuwa ndani ya bakuli kwanza, usiihesabu. Unataka zaidi ya mililita 100. Ukipata 50 au 60, mlima utakushinda hata levo ikiwa sawa. Rudia mfuniko wa tanki ukiwa wazi. Ikipanda ghafla, zibua tundu la mfuniko. Isipopanda, toa mpira kwenye kabureta upime hapo: ikitoka nyingi, kizuizi ni sindano au kijichujio kilicho kwenye pua ya kabureta, ikitoka chache, fungua koki.

Kwa wenye floti ya plastiki tupu, kiulimi nacho plastiki: hiyo haikunjwi. Usiipashe moto, inapinda pasipotakiwa na baadaye inakatika. Levo yake inarekebishwa kwa kuweka sindano ya urefu sahihi au floti mpya. Na kabla ya kuinunua, itikise uisikilize. Floti iliyoingiza petroli ni nzito, inazama, na hakuna kukunja kutakakoisaidia. Izamishe kwenye maji ya moto yasiyochemka. Penye tundu patatoa mapovu.

---

SpanaKumi

Swali la kimrija. Bakuli jipya ndilo suluhisho safi, likipatikana la umbo lile lile. Linganisha nafasi ya kimrija na kina cha bakuli kabla ya kulipa. Lisipopatikana, ufa wa nusu ya kimrija unazibika kwa risasi ya mafundi redio, kwa sababu ni shaba. Osha kwa sabuni na maji ya moto, likauke kabisa, pasiwe na harufu hata kidogo ya petroli. Sugua shaba kwa msasa mwembamba mpaka ing'ae, paka dawa ya kulehemu, tumia kile kifaa cha umeme cha kuyeyushia risasi. Moto wa gesi hapana: bakuli limetengenezwa kwa aloi ya zinki, linayeyuka kabla hujashtuka. Pitisha mshipi wa kuvulia ndani ya kimrija kuhakikisha risasi haijakiziba, maana kimrija kilichoziba ndicho kinachopeleka petroli kwenye oili. Rudia jaribio la karatasi. Gundi za kawaida za haraka zinalainika ndani ya petroli, utarudi kwenye kazi ile ile.

---

Mbeya_Juu

Nichangie la ulaji na plagi nyeusi, kwa sababu Kihesa yuko Iringa.

Mji huo uko takriban mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 14, lakini jeti (kijitundu kinachopima petroli ya injini) inaendelea kupitisha petroli kwa tundu lile lile. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani itakuwa na mafuta mengi kidogo huku kwetu hata levo ikiwa sahihi kabisa. Wapo mafundi wanaojaribu kuirekebisha hali hiyo kwa kushusha floti. Inaonekana kufanya kazi sailensa (injini ikinguruma bila kuvutwa moto) na mwendo mdogo, kisha moto wote unakosa mafuta, na hayo ndiyo yanayoonekana mlimani.

Levo ya floti ina kazi moja: kuiweka petroli kwenye kimo ambacho jeti zote zilihesabiwa. Ukiisogeza, umezisogeza jeti zote kwa pamoja, na kila moja kwa kiasi chake. Rekebisha kilichokusudiwa kurekebishwa. Moto wa kati, ambako bodaboda inaishi, unatawaliwa na sindano ya slaidi (si ile ya floti, ni ile inayopanda na slaidi ukivuta moto): pandisha klipu yake tundu moja kuelekea juu, sindano itashuka na mafuta yatapungua. Moto wote ni jeti kubwa, punguza namba moja au mbili. Sailensa ni ile skrubu ya pembeni. Ikiwa upande wa filta inadhibiti hewa, kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini inadhibiti mafuta, kuifungua kunaongeza.

Na kabla ya hayo yote angalia vitu viwili: filta ya hewa iliyojaa vumbi, na choki isiyorudi mwisho. Vyote vinatoa masizi makavu yale yale.

---

Zuhura_Injini

Kihesa, mfuatano wa kazi yako sasa uwe huu: bakuli au risasi, sindano ya urefu sahihi, kiulimi kurudishwa mpaka mstari uwe sambamba, mpira mweupe, halafu mtiririko. Klipu na jeti viguswe baada ya hapo, kimoja kimoja, vinginevyo hutajua kipi kimesaidia.

Unaporudisha kabureta, oringi kati yake na injini iwe nzima na nati mbili zibanwe kwa kupokezana, kidogo kidogo. Ukibana upande mmoja kwa nguvu, uso wa kabureta unapinda, hewa inaingia, sailensa inapanda na kushuka, na mtu anarudi kulaumu floti.

Weka plagi mpya, D8EA, uwazi milimita 0.6 hadi 0.7. Ya zamani imeshabeba masizi, haitakwambia ukweli. Endesha kilomita kumi kwa mwendo wa kawaida, uitoe: porselini rangi ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi kavu bado mafuta ni mengi, nyeupe kabisa ni machache na inachemsha injini. Kisha jaribu mlima huo wa Ipogolo ukiwa na mzigo. Pale utakapofika juu ukiwa umevuta moto wote, zima kwa swichi huku umeshika klachi, jisogeze pembeni mwa barabara, uitoe plagi hapo hapo. Rangi utakayoiona ndiyo ya moto wote, haijachanganyika na ya sailensa.

Ikiwa porselini ni nyeupe na mtiririko umeshapita mililita 100, hapo ndipo utapima levo tena kwa mpira mweupe. Ikiwa ni nyeusi, iache floti ilivyo, uanze na klipu aliyosema Mbeya_Juu.

---

Kihesa_150

Nimeelewa. Bakuli la umbo hili limepatikana dukani, kimrija kiko mahali pale pale na kina ni sawa. Sindano nimepata inayolingana na ya zamani. Nikishapima kwa mpira mweupe nitaweka hapa usawa uliosoma pamoja na umbali wa ncha ya kimrija kutoka ukingoni, ili mwenye PZ27 ya aina hii awe na pa kuanzia.

---

SpanaKumi

Weka na picha ya maandishi yaliyogongwa kwenye mwili wa kabureta, pamoja na kipimo cha floti kwa venia. Usawa peke yake bila kujua ni kabureta ya kiwanda gani utampoteza mwingine.